Nyonga ya Truda

Skolastika Mgaya alikufa usingizini, usiku mmoja, kitandani kwake, na wengi wetu tulisema afadhali. Msimu ule wa Homa ya Ukungu wagonjwa wetu walikufa macho wazi, wakitafuta hewa, wamekukamata mkono mpaka glavu inachanika. Skola alitoka zamu, akavua viatu, akavuta blanketi, hakuamka. Tuliona amependelewa.

Tulimzika haraka haraka kwa sababu mji wa Njombe ulikuwa umefungwa na waombolezaji walihesabiwa getini. Jeneza tulilibeba sisi wauguzi wenzake, mimi mbele na Edeltruda nyuma yangu upande uleule. Mvua ilikuwa imenyesha na njia inateleza. Kabla hatujafika nilihisi uzito umeniangukia begani ghafla, nikageuka kumtazama Truda. Alikuwa amekunja magoti kidogo, kiasi tu cha bega lake kuachana na ubao. Mkono bado ulikuwa juu, kwa hiyo machoni pa watu alikuwa anabeba. Nikajua ni nyonga yake ya kushoto, mbovu tangu aanguke kwenye ngazi za maabara. Nikapandisha bega langu nikabeba na sehemu yake, wala sikuona nimefanya jambo kubwa.

Ndivyo tulivyokuwa mimi na Truda. Katika wodi yetu kila muuguzi ana mwenza wa zamu. Mwenza ndiye anayekukagua mavazi ya kinga kabla hujaingia kwa wagonjwa, ndiye mnayekula naye sahani moja, na ukiumwa ndiye anayepeleka habari kwenu. Truda alikuwa mwenza wangu tangu wimbi la kwanza. Mama yangu akipiga simu alianza kumuulizia yeye, mimi baadaye.

Asubuhi baada ya mazishi niliamka nyonga ya kushoto inaniuma. Mimi sijawahi kuanguka kwenye ngazi yoyote. Nikajikanda kwa maji ya moto, nikajisuta kwamba mwili umeanza uzembe, nikaenda kazini.

*

Kabla ya kila zamu tulikusanyika kwenye korido, kofia za kinga zikiwa bado mikononi. Metroni Mwalongo alisali kwa sauti na sisi tumeinamisha vichwa. Akimaliza aliuliza, "Mko imara?" Nasi tulijibu kwa pamoja, "Tuko imara." Halafu kila mtu alijibandika kizibo chini ya kisogo, akamvalisha mwenzake kofia, tukaingia.

Kwenye makaratasi ya kampuni kile kidude kiliitwa Kipumzisho. Sisi tulikiita kizibo kwa sababu kilikuwa sawasawa na kizibo cha soda, hata meno ya pembeni kilikuwa nayo, na kijitaa katikati. Fundi aliyekuja kutufundisha alieleza kwa maneno mepesi. Ukiwa kazini kizibo kinakusanya uchovu wako kabla haujakufika kichwani na miguuni. Ukienda nyumbani ulale nacho shingoni, ukivue asubuhi, kwa sababu ukilala ndipo kinamwaga. Kikijaa bila kumwagwa kinawaka taa nyekundu na hakikusanyi tena.

Onesmo, mtu wa pumu na muuguzi wa kiume peke yake kwenye zamu yetu, aliuliza kinamwaga wapi.

"Usingizini, brother," fundi akamjibu. "Wewe lala tu."

Tulicheka. Watu waliochoka namna ile hawaulizi swali la pili.

Na kweli, kazini tulikuwa wapya kila saa. Tuliweza kusimama tangu kiza cha alfajiri mpaka kiza cha jioni bila kuhema. Shida yangu ilikuwa kuamka. Niliamka kifua kimenibana kama mtu wa pumu, vifundo vya mikono vinawaka, na nyonga ile. Nilijiona nimeharibika peke yangu. Nisingeweza kumuuliza mtu, maana wodini kwetu neno "nimechoka" halitamkwi. Katika wimbi la kwanza dada mmoja alilitamka mbele ya vitanda, na hata wiki haikwisha tukamzika. Tangu siku ile neno lilikaa kama tusi. Ukiulizwa hali, uko imara. Hata Skola, wiki yake ya mwisho, alikuwa anashika ukuta akitembea, na nilipomuuliza alisema yuko imara.

Nilikuwa na sababu ya kuvumilia, na sababu ililala kitanda cha dirishani. Mwalimu Fausta Ngole ndiye aliyenifundisha kusoma, darasa la pili, kwa fimbo na kwa pipi. Sasa alikuwa hawezi kusema kwa ajili ya barakoa ya mashine, lakini alikuwa na akili zake zote, maana mashine zile mpya hazikuhitaji mtu alazwe usingizi wa dawa. Aliongea na mimi kwa kidole, akigonga chuma cha kitanda. Mara moja ndiyo. Mara mbili hapana. Nikichelewa kumjibu alikuwa ananikazia macho kama zamani.

Mgonjwa wa namna yake hupumua vizuri akilazwa kifudifudi, kisha arudishwe, kisha ageuzwe tena. Kumgeuza kunataka watu wanne. Mmoja anakaa kichwani ashike mpira wa hewa, watatu wanashika shuka, mnainua kwa hesabu moja na hakuna anayelegeza. Shuka likipinda, mpira unachomoka. Tulishampoteza mtu namna hiyo kabla ya vizibo kuja, mikono ikitetemeka. Kwa hiyo kila nilipoamka na maumivu yasiyo yangu nilimfikiria Mwalimu Fausta, nikanyamaza.

*

Siku ya mapumziko Truda aliniita kwake nimsuke. Kwa muda mrefu alikuwa amefunga kitambaa kichwani mpaka shingoni, anasema baridi. Nikakaa kwenye kigoda, yeye akakaa mkekani katikati ya magoti yangu, miguu ameikunja upande wa kushoto, ameegemea nyonga ileile. Niliona, sikutia maanani. Tukaongea habari za Skola. Nikaanza kumsuka twende kilioni, mistari inarudi nyuma, mpaka nikafika kisogoni.

Shingo yake ilikuwa laini kabisa.

Yangu mimi, chini ya kisogo, ilikuwa na duara jeusi lenye meno, kama mtu amenipiga muhuri. Kizibo hupata moto kinapomwaga. Nilikuwa nikijipaka mafuta ya nazi kila asubuhi, ngozi ikipona inaungua tena. Skola naye alikuwa nalo. Niliona tulipokuwa tunamwosha.

"Truda, kizibo chako unakivaa ukilala?"

"Mbona unauliza?"

"Shingo yako haina alama."

Mikono yangu ilikuwa bado imeshika nywele zake, nikahisi kichwa kimekuwa kizito.

"Fundi aliniambia," akasema mwishowe. "Alipokuja kubadilisha betri. Nilimuuliza mbona naamka na kifua kinabana kama cha Onesmo. Akaona haya, akanieleza. Uchovu haumwagwi chini, Gene. Ukitoka kwa mtu lazima uingie kwa mtu. Vizibo vya wodi vinawasiliana. Vinakusanya wa wote, halafu vinawagawia waliolala wamevaa."

"Na asiyevaa?"

"Sehemu yake wanagawiwa waliobaki."

Nikaiona ile nyonga. Nikaona nimeinama asubuhi na taulo la maji ya moto, najikanda uchovu wa huyu aliyekaa mbele yangu anasukwa.

"Skola alikuwa anavaa," nikasema.

"Sikujua kama angekufa."

"Lakini ulijua anabeba."

Nje majirani walikuwa wanapasua kuni, kila pigo Truda anashtuka kidogo.

"Mimi ni mwenza wako, Truda. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungevua," akasema. Aliisema taratibu, kama jambo ambalo hata mimi ningelielewa nikitulia. "Na wewe ukivua, Gene, nani..."

Aliikatia hapo. Nikaweka kitana juu ya mkeka, nikaondoka na kumwacha nusu kichwa imesukwa, nusu imesimama. Aliniita mpaka nafika njiani. Nilikuwa nalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilinifikia kidogokidogo, kwa sababu hata ya kukasirika sikuwa nimebakiziwa nguvu.

*

Metroni Mwalongo alikuwa ofisini kwake anakunywa chai ya tangawizi, skafu ya sufu shingoni.

"Shikamoo, metroni."

"Marahaba, Generosa. Leo si uko mapumziko?"

"Skola alikufa na nini?"

"Moyo. Daktari alishaandika."

"Moyo ulikuwa umebeba uchovu wa wangapi?"

Aliweka kikombe chini, akaenda kufunga mlango. Nilikuja nikiwa bado natumaini kwamba atashangaa.

"Nani amekuambia?" akauliza.

Nilimwambia hilo si muhimu. Akanivutia kiti, nikakataa.

"Mtambo wenyewe hauna ubaya," akaanza. "Ulitengenezwa tugawane. Wote wakivaa, kila mmoja anaongezewa kidogo, anaamka kama mtu aliyelima jana. Hiyo inabebeka. Ubaya ni watu wakianza kuvua."

"Basi waamuru wavae."

"Watauliza kwa nini. Nikiwaambia kwa nini, hata wanaovaa watavua, na kesho sina wodi. Umeshafikiria hilo, mwanangu? Huyo mwalimu wako wa dirishani amebakiza siku chache tu. Akigeuzwa vizuri wiki hii, anatoka kwa miguu yake. Mikono ikitetemeka, unajua."

Nilijua. Ndiyo sababu alianza na Mwalimu Fausta, hakuanza na mgonjwa mwingine.

"Kwa hiyo mlinichagua mimi na Skola."

"Hakuna aliyekuchagua. Ninyi mlikuwa hamjavua tu."

"Mbali na Truda, wangapi wamevua?"

"Usiniulize majina."

Nikadhani anamfichia mtu mmoja au wawili. Watu wa wodi ile niliwapenda, nilikuwa tayari kuwafikiria vizuri.

"Nitakupunguzia zamu," akasema. "Upumzike."

"Metroni, nikipunguziwa zamu nitalala zaidi."

Alielewa. Akainamia kikombe chake, akakizungusha kwenye kisahani, asinitazame. Mama huyu ndiye aliyenipokea nikitoka chuoni, akanipa koti lake kwa sababu sikujua baridi ya wodi. Nilisimama pale nikisubiri aseme lolote, hata uongo, ili mradi liwe limetengenezwa kwa ajili yangu. Akasema, "Mpaka baridi iishe tu, Generosa."

Nilitoka bila kuaga.

Nyumbani nilikaa kitandani na kizibo mkononi. Nikikivaa, wenzangu watakuja kesho na mikono imara, Mwalimu atageuzwa, na mimi labda nitaamka, labda sitaamka. Nisipokivaa, nitalala. Tena nitakuwa nimefanya kilekile alichofanya Truda, tofauti ni kwamba mimi sijui nyuma yangu ataangukiwa nani. Ningependa kusema kwamba nilipima mambo haya kwa haki. Sikuyapima. Nilikuwa naisikia sauti ya Truda, "ungevua," na jinsi alivyoisema bila aibu. Nikakitia kizibo kwenye kopo la majani ya chai, nikafunika.

Nililala usingizi wangu mwenyewe. Nilikuwa nimesahau ladha yake. Niliamka nimechoka, ndiyo, lakini ulikuwa uchovu ninaoufahamu, wa miguu yangu na mgongo wangu, na nyonga ya kushoto ilikuwa nyamavu.

*

Kwenye korido tulipanga mistari kama kawaida. Nilisimama nyuma kabisa, mahali ambapo sijawahi kusimama. Truda alikuwa mbele yangu na nywele zake nusu. Vizibo viganjani mwa watu vilikuwa vinawaka taa nyekundu, na wenyewe wanavigeuzageuza, wanavifuta kwenye magauni, wanavitazama tena.

Metroni alivua skafu, akaanza kusali. Vichwa vikainama.

Mimi hufumba macho kwenye sala, nimelelewa hivyo. Safari hii nilifumbua. Mbele yangu zilikuwa shingo za wodi nzima, zimeinama kwa unyenyekevu, na zote zilikuwa laini. Ya Onesmo, nyeupe ya poda. Za mabinti wawili wa mapokezi waliokuja juzijuzi. Ya Truda. Metroni naye alipoinama kusema amina niliiona yake, ina mikunjo ya utu uzima na haina hata doa. Nikapeleka mkono kwenye shingo yangu, nikalipapasa lile duara.

Walikuwa wanajua. Kila mmoja kwa wakati wake aliamka na maumivu ya mwenzake, akauliza mahali au akakisia, akavua kimyakimya, na kila alipovua alituacha mimi na Skola tumwongezee bega. Kisha asubuhi walikuja hapa wakainamisha vichwa pamoja nasi. Walikula na mimi. Waliniambia, Gene umekonda, kula vizuri.

"Mko imara?" Metroni akauliza.

"Tuko imara."

"Generosa?"

"Nimechoka," nikasema.

Nilitegemea mtu aguse ukuta kufukuza mkosi, mtu afanye ishara ya msalaba. Hakuna aliyeshtuka. Waliangalia sakafu, wote, kama watoto waliokuwa wanajua ni nani ataitwa.

"Kizibo changu kiko nyumbani," nikaendelea. "Vyenu vinawaka kwa sababu jana hapakuwa na wa kumwagiwa. Tukitoka zamu leo, tukilala wote tumevaa, tutagawana, nami nitavaa. Msipovaa, kila mtu na wake."

Onesmo alikohoa. Metroni akafungua kinywa, na wakati uleule mashine ya kitanda cha dirishani ikaanza kupiga kelele.

Tukakimbia watu wanne bila hata kuvaa kofia, Metroni kichwani, mimi na Onesmo upande mmoja, Truda upande wa pili mkabala na mimi. Midomo ya Mwalimu Fausta ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Ilibidi ageuzwe palepale. Vile vizibo vyekundu havikuwa na msaada kwa mtu, na nilimsikia Onesmo anahema kama aliyepanda kilima, akishangaa mwili wake mwenyewe.

"Moja," Metroni akahesabu. "Mbili. Tatu."

Tukainua. Mwalimu alikuwa juu, nusu amegeuka, na mpira umenyooka, nilipohisi ule uzito. Niliufahamu kabla sijatazama. Truda alikuwa amekunja magoti kidogo. Mikono yake ilikuwa bado kwenye shuka, na macho yake yalikuwa kwangu. Alikuwa ananisubiri. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo kwamba nitapandisha.

Sikupandisha.

Shuka likaanza kupinda. Mpira ukavutika.

"Generosa," Metroni akasema.

"Nyoosha magoti, Truda."

"Siwezi."

"Nyoosha."

Kulikuwa na muda hapo katikati. Sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Ningeweza kubeba. Nataka hilo lijulikane, nilikuwa nimelala, nilikuwa na nguvu ya kubeba sehemu yangu na yake mpaka mwisho, na nilisimama na nguvu yangu nikimtazama. Ndipo Truda akanyooka. Alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, lakini akanyooka, shuka likasawazika, Mwalimu Fausta akalala kifudifudi na mashine ikanyamaza. Onesmo alikaa chini sakafuni papo hapo, bila kutafuta kiti.

Uso wa Mwalimu ulikuwa umegeukia upande wangu. Rangi ilikuwa inarudi. Macho yake yalikuwa wazi, na aliona kila kitu, hata ule muda wa katikati. Nikainama.

"Uko salama, mwalimu?"

Alinitazama kwa kitambo. Kidole chake kikagonga chuma mara moja, kisha kikabaki juu, kama mtu anayefikiria kuongeza. Akakishusha polepole bila kugonga.

Nilipoinuka Truda alikuwa amejishikilia kwenye dirisha, mkono mmoja umebana nyonga ya kushoto. Alikuwa anaibana mahali palepale nilipokuwa najikanda mimi, chini kidogo ya mfupa, panapouma zaidi ukijaribu kusimama. Jasho lilikuwa linamtoka upande wa kichwa uliosukwa na upande ambao haujasukwa.

"Nimechoka, Gene," akasema. Alilisema mbele ya vitanda vyote, kwa sauti.

Kuna neno moja anapewa mtu akisema hivyo. Anapewa hata mpita njia aliyejikwaa, hata mtu usiyempenda, linatoka lenyewe kabla hujafikiria. Lilifika mdomoni kwangu. Nikalimeza, nikachukua taulo, nikaenda kumfuta Mwalimu Fausta uso.